Mrejesho: usukani wa mkonga umetulia

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kuhusu Land Cruiser mkonga wangu (ile yenye bomba refu la kuvutia hewa ya injini kwa juu), injini ya dizeli 1HZ: ukigonga shimo ukiwa 70 au 80, usukani unatetemeka na hautulii mpaka upunguze mwendo.

Wengi mlisema shokapu ya usukani, ile inayopunguza mtikisiko wake. Nikaweka mpya, ikatulia wiki mbili, ugonjwa ukarudi. Kumbe ilikuwa inauficha tu. Aliyepatia ni yule aliyesema nipige jeki, nishike tairi la mbele juu na chini, nitikise. Likacheza! Kufungua, beringi za kingpini (pini ambazo gurudumu la mbele hugeukia unapokata kona) zimeliwa, grisi imegeuka uji wa kutu. Sili zilichakaa, maji yakaingia. Mimi kila masika navuka maji kule Ifakara kwa mbwembwe za mkonga, nikisahau kwamba mkonga unalinda injini, siyo ekseli.

Nimebadili beringi na sili pande zote mbili. Fundi alipima ukazaji wa beringi kwa mizani ya kuvuta, si kwa kukisia. Hapo ndipo nilipomwamini. Tairi nazo zimebalansiwa.

Jana nimepita rasta zote za barabarani nikiwa 80, kimya. Mlango wa nyuma bado unalia, lakini huo nimeshauzoea.