Naomba ushauri: hospitali na zahanati hazipeani taarifa za mgonjwa wangu

Habari zenu wakuu, niko Urambo huku Tabora, mama yangu ana sukari na presha miaka mingi na kliniki anahudhuria zahanati ya jirani, daktari wa pale anamjua vizuri kabisa. Sasa juzi kati sukari ikapanda akapewa rufaa kwenda mjini, akalazwa, akabadilishiwa dawa, akaruhusiwa na kikaratasi cha dawa tu, hakuna maelezo kwamba ile ya presha ya zamani imesimamishwa wala kwa nini. Kurudi zahanati, daktari akamwandikia ileile ya zamani juu ya hii mpya, mama akawa na kizunguzungu mpaka anatembea kashika ukuta!! Daktari simlaumu, angejuaje? Tumerudi kwake ameshairekebisha, ila naogopa kliniki ijayo ya mjini itajirudia tena.

Yani kupanda kutoka zahanati mgonjwa anapewa fomu ya rufaa, ila kushuka anarudi mikono mitupu, na mgonjwa mwenyewe ni mtu mzima hawezi kukumbuka majina ya dawa.

Nimefikiria kumnunulia daftari kila daktari aandike humo dawa alizoanza, alizoacha, na majibu ya vipimo, je watakubali au wataona nawasumbua? Na kabla ya kuruhusiwa wodini ile ripoti kamili ya matibabu naidai kwa nani, daktari wa zamu au nesi? Wahudumu wa afya mliopo humu, naruhusiwa kuomba namba ya daktari wa hospitali nimpe wa zahanati waongee wenyewe?