Kuhama Jumatano ni nuksi? Hili jambo limetoka wapi hasa

Wadau habari za jioni. Juzi kati nimehama toka Mbagala kwenda Tabata, nikapanga iwe Jumatano maana mwenye kirikuu alikuwa na nafasi siku hiyo na bei kanipunguzia, sasa mjomba akapiga simu saa kumi na mbili asubuhi, "Jumatano, tena Mfunguo Tano? Usiguse hata kijiko!" Basi nikaghairi, elfu kumi ya advansi ikaenda hivyo hivyo. Alhamisi tunapakia, kufika Buguruni mvua hiyo, godoro limelowa chapa na mpaka leo nalianika linanuka. Namuuliza mjomba ananiambia ungehama Jumatano ingekuwa mbaya zaidi. Sasa mtu kama huyo unabishana naye vipi?

Nikaanza kufuatilia. Kwenye Qurani, Surat Al-Qamar aya ya 19 inataja siku ya nuhusi (nuksi) walivyoangamizwa watu wa kaumu ya Adi kwa upepo, na wafasiri wengine wakasema ilikuwa Jumatano. Lakini si waliangamizwa wao kwa makosa yao? Siku imekosa nini? Na huo Mfunguo Tano ndio mwezi wa Safar, na kwenye hadithi za Bukhari Mtume kasema wazi hakuna mkosi wala hakuna Safar, yaani alikuwa anazikataa imani za kabla yake. Mimi naona tumeshika kile alichokataza.

Dogo wa Sinza: Bro umesahau Ijumaa tarehe 13, ofisini kwetu kuna watu hawasaini kitu siku hiyo

Hiyo ya kuazima kabisa dogo. Ijumaa hapa Dar ndiyo siku ya kufungisha ndoa! Wanakwambia chanzo ni wale mashujaa wa msalaba, Templars, askari watawa wa Kikristo waliokamatwa Ufaransa Ijumaa 13 Oktoba 1307, kukamatwa kweli walikamatwa, ila kuunganisha na mkosi kumekuja karne ya 20. Halafu Hispania wao wanaogopa Jumanne tarehe 13, Waitalia wanaogopa 17. Mkosi gani unabadilisha tarehe ukivuka mpaka?

Mzee wa Gerezani: Kijana usidharau, bibi yangu Jumatano ya mwisho ya Safar alikuwa anatunywesha kombe wote, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa kwenye sahani, na tumekua salama.

Shikamoo mzee. Sidharau, ila majirani ambao hawakunywa si walikua pia?

Mama Supu: Mi mambo ya vitabu siyajui. Mteja wa kwanza asubuhi akija kukopa, siku hiyo sufuria haliishi, nimeyaona kwa macho yangu, ndo maana siku hizi wa kwanza simkopeshi hata awe shemeji

Mama, na zile siku alizokopa wa kwanza na supu ikaisha saa nne, unazikumbuka?

Mama Supu: Ntazikumbuka saa ngapi na mi nilikuwa nahudumia watu