Naomba ushauri: vanishi inaacha utando mweupe kwenye visanamu

Habari zenu wakuu. Napaka rangi visanamu vya michezo ya mezani, vile vya milimita 28: majoka, wachawi, mashujaa wa panga. Rangi za akriliki hazinisumbui, naongeza maji kidogo na kupaka tabaka nyembamba nyembamba. Kasheshe ni vanishi ya kupuliza isiyong'aa. Masika haya ya Dar, unyevu umezidi, ikikauka inaacha utando mweupe. Joka langu jekundu utadhani limemwagiwa unga, hasa kwenye mikunjo ya mbawa. Nimesikia ukipaka vanishi inayong'aa juu yake rangi hurudi. Kuna aliyejaribu? Au nihamie tu vanishi ya maji, ya kupaka kwa brashi? Kulikwangua sitaki, macho yale yamenitoa jasho.