Mrejesho: ile kelele ya injini imepatikana

Wakuu, niliuliza kuhusu gari letu la familia linalokwaruza kwenye injini kila asubuhi, wengi mkahofia cheni ya taimingi, ile ya ndani ya injini. Kumbe wala! Fundi alitoa fenibelti, ule mkanda wa nje ya injini, akawasha injini kwa sekunde chache tu: kimya. Basi ugonjwa uko kwenye vinavyozungushwa na mkanda ule. Akazungusha puli moja moja kwa mkono. Ya altaneta, ile inayozalisha umeme wa gari, ikateleza vizuri. Ya tenshena, ile inayokaza mkanda, ikasaga kama ina mchanga ndani, beringi imekauka grisi kabisa. Tumefunga tenshena mpya pamoja na mkanda, maana wa zamani ulishaanza nyufa. Na mimi nilikuwa karibu kushusha injini, jamani. Leo ni siku ya tisa, haijarudi. Asanteni sana.