Gitaa bovu, lawama kwa vidole: malalamiko yangu kwa wauzaji na walimu wa gitaa hapa Tanga

Wanajukwaa, salamu zenu.

Nimengoja siku nne kabla ya kuandika uzi huu ili nisije nikamtukana mtu. Sitalitaja duka wala mwalimu, kwa sababu sitaki kumharibia mtu riziki yake, lakini wahusika wakisoma watajijua. Lalamiko langu ni hili: mtu anayejifunza gitaa katika mji huu akisema vidole vinamuuma, hakuna anayelitazama gitaa lenyewe. Wote wanavitazama vidole, wanacheka, wanasema "vumilia, utaota sugu". Nimevumilia wiki saba, na sasa nimejua kwamba nilichokuwa nikikivumilia ni bidhaa mbovu niliyoilipia fedha taslimu.

Mimi ni mshonaji mwenye cherehani yangu Ngamiani, kwa hiyo vidole ndivyo vinavyonilisha. Nililinunua gitaa mwezi wa 4, masika yakiwa yamekolea, kwa shilingi 180,000, kutoka duka moja la katikati ya mji ambako lilikuwa limetundikwa ukutani karibu na mlango kwa muda ambao hata muuzaji mwenyewe hakuukumbuka. Nilimweleza wazi kuwa sijawahi kushika gitaa maishani mwangu. Akanijibu, "Dada yangu, hili ndilo la kuanzia, wanafunzi wote wanachukua hili." Nyuzi zake zilikuwa na rangi ya kahawia, na mimi kwa ujinga wangu nikadhani ndiyo rangi yake. Ilikuwa kutu. Mtu anayeuza vyuma vyembamba kando ya bahari anajua fika hewa ya chumvi inavifanya nini, na uzi ulioshika kutu haukandamizi ngozi tu, unaikwangua kama msasa kila unapouburuza mkono kutoka kodi moja, yaani mpangilio mmoja wa vidole wa kutoa sauti kadhaa kwa pamoja, kwenda nyingine.

Kisha nikampata mwalimu, kijana anayepiga vizuri sana, sina ugomvi na mkono wake. Tulikubaliana shilingi 10,000 kwa somo, jioni tatu kwa wiki. Siku ya tatu ncha za vidole vyangu vya kushoto zilikuwa na mifereji myekundu. Siku ya sita kidole cha shahada na cha kati vilitoa malengelenge. Wiki ya pili lengelenge moja lilipasuka nikiwa nashona gauni la bibi harusi la rangi ya maziwa, na doa la damu likabaki kwenye mkunjo wa kiuno, nikalazimika kukibadilisha kipande kizima kwa gharama yangu. Nilipomweleza mwalimu, alisema hiyo damu ndiyo ada halisi ya gitaa, na kwamba hizi elfu kumi kumi ninazompa ni nauli tu. Nilicheka siku ile. Leo sicheki.

Ushauri niliopewa tangu hapo ungeweza kujaza daftari. Mmoja aliniambia nichovye vidole kwenye siki. Nilichovya vikiwa vimechubuka, na kilio nilichotoa kilimfanya jirani aje kugonga mlango. Mwingine alisema spiriti, mwingine maji ya chumvi, mwingine akanishauri nipake gundi ya haraka kwenye ncha za vidole ili zigeuke plastiki. Shangazi yangu, kwa huruma, alinipaka mafuta ya nazi, yakalainisha ngozi ambayo nilikuwa nahitaji ikauke. Wote hao hakuna aliyeuliza swali la kwanza ambalo fundi yeyote wa kitu chochote angeuliza: hicho chombo kikoje?

Niliyagundua haya kwa bahati. Jioni moja mwalimu alitoka nje kupokea simu, akaliacha gitaa lake kitini. Nililishika kwa kuiba, nikaweka vidole kwenye kodi ya F, ile kodi ambayo kwangu ilikuwa ghali kuliko kodi ya pango, kwa kuwa kidole cha shahada kinapaswa kuzilaza nyuzi zote kwa pamoja. Ililia. Haikulia vizuri, lakini ililia, bila mimi kung'ata meno. Nyuzi zake zilikaa chini kabisa, zikikaribia kugusa ubao wa shingo, ilhali kwenye langu zilikuwa zimeinuka mbali na shingo. Aliporudi nikamuuliza kwa nini lake ni laini hivyo. Jibu lake nalinukuu kama lilivyo: "Gitaa langu limeshanizoea."

Limeshanizoea! Mtu aliyechukua fedha zangu wiki tano mfululizo, aliyelishika gitaa langu mara nyingi kunionyesha kodi, na ambaye bila shaka yoyote vidole vyake vilimwambia sekunde ya kwanza kwamba nyuzi zile ziko juu mno, alichagua kuniambia kuwa gitaa ni kama mbuzi wa kufugwa.

Nikalibeba hadi kwa mzee mmoja anayetengeneza ala za muziki, ambaye wengi wenu mnamfahamu, naye simtaji kwa kuwa hakunituma. Baada ya shikamoo na marahaba alilipokea, akalielekeza kwenye mwanga, akafumba jicho moja na kuitazama shingo kwa urefu wake kama seremala anavyotazama ubao. "Mwanangu," akasema, "huu ni upinde. Ulikuwa unajifunza kuwinda?" Kisha akaniomba vitambulisho. Nilidhani anatania. Akafafanua kuwa kadi ya benki ina unene wa karibu milimita 0.76, na kwamba kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyoikata shingo kwa upana) ya gitaa la nyuzi za chuma lililotengenezwa vizuri, kadi tatu zikipangwa pamoja zinatosha kuingia chini ya uzi mnene wa juu, na chini ya uzi mwembamba wa kwanza hata tatu ni nyingi. Nikampa kadi ya benki, ya bima na kitambulisho cha taifa. Zikapita zote tatu, uzi haukujua kama kuna kitu kimepita. Akaongeza leseni yake, muuza kahawa aliyekuwa jirani akatoa kitambulisho chake, na bado. Kadi ya sita ndiyo iliyogusa uzi. Nilikuwa nabonyeza umbali mara mbili ya unaotakiwa, kila uzi, kila kodi, wiki saba.

Na hayo hayakuwa yote. Alipima uzi wa kwanza akakuta ni wa 13, yaani unene wa inchi 0.013. Seti ya namna hiyo ikishakazwa hadi kwenye sauti yake, nyuzi sita kwa pamoja zinavuta kwa nguvu inayozidi kilo 80. Seti ya 10 inavuta karibu kilo 60, na nyuzi za nailoni za gitaa la klasiki karibu kilo 40. Mwanzilishi ambaye hata kushika kalamu kwa mkono wa kushoto hajui anapewa zile ngumu kabisa, halafu anaambiwa tatizo ni ulaini wa mikono yake.

Mzee alifanya kazi ile mbele yangu kwa muda usiofika saa mbili. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma, akaikaza kwa robo mzunguko, akangoja, akaikaza tena kidogo. Kadi sita zikawa tano. Akalichomoa lile tandiko jeupe linalobeba nyuzi pale kwenye daraja, kile kibao cha usoni ambako nyuzi zinafungwa, akachora mstari kwa penseli, akalisugua juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo ili lisije likapinda. Alinieleza kwamba ukitaka nyuzi zishuke milimita 1 kwenye freti ya 12 unapunguza milimita 2 kwenye tandiko, kwa sababu freti hiyo iko katikati ya urefu wa uzi. Alipunguza milimita 3, na kadi zikabaki tatu. Mwisho akazichimba kwa tupa nyembamba zile nafasi za nyuzi kule juu ya shingo, karibu na freti ya kwanza, na hapo ndipo, alisema, wanafunzi wengi wanapoumizwa bila kujua, kwa kuwa kodi zote za kuanzia zinapigwa kwenye freti tatu za mwanzo. Alinitoza shilingi 15,000. Linganisha na nilizompa mwalimu.

Aliniambia pia kwamba unyevu wa pwani unachangia: mbao nyembamba za uso wa gitaa zinanyonya maji ya hewa wakati wa masika, uso unavimba, daraja linapanda na nyuzi zinapanda nalo. Kwa hiyo hata gitaa lililotoka kiwandani likiwa sawa linaweza kuharibika likitundikwa mlangoni. Hiyo ni sababu ya muuzaji kulikagua kabla ya kuliuza, si udhuru wake. Pembeni mwa karakana aliniashiria gitaa jingine lililong'oka daraja. Ni la nyuzi za nailoni, mtu akashauriwa alifunge za chuma "ili litoe sauti kubwa".

Naomba nieleweke, maana najua kuna watakaokuja hapa kuniambia mimi ni mvivu. Sikatai kwamba vidole huuma. Sugu nazifahamu kuliko wengi wenu. Ninayo moja kwenye dole gumba la kulia niliyopewa na mkasi, na naweza kuwaeleza jinsi ilivyokuja. Ilikuja polepole, kwa msuguano mdogo wa kila siku, ngozi ikawa inajiongezea tabaka moja juu ya jingine, na haikuwahi kutoa hata tone la damu. Mkasi ukiwa butu au skurubu yake ikiwa imekazwa kupita kiasi, unapata lengelenge, na lengelenge ni ngozi iliyoachana na nyama, ambayo ikichubuka unarudi mwanzo kabisa. Kwa gitaa lililo sawa, mtu anayefanya mazoezi dakika 10 au 15 kisha akapumzika, mara mbili tatu kwa siku, hupata sugu za kumtosha kwa wiki mbili hadi nne hivi. Mimi nilikuwa napewa somo la saa nzima bila kupumzika, tena baada ya kutoka kufua, wakati kila mtu anajua ngozi iliyolowa inakatika kirahisi. Wala hakuna aliyeniambia kwamba kidole kinatakiwa kukaa nyuma kidogo tu ya chuma cha freti, ambapo uzi hauhitaji nguvu. Nilikuwa nabonyeza katikati ya nafasi na kukamua kwa dole gumba kama ninayekamua nazi. Hilo ni somo la siku ya kwanza, na nimelipata kwa fundi.

Wako pia wanaopenda kutukumbusha kuwa Tanga ni mji wa bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, kwamba hapa ndipo walipotokea akina Wilson na George Kinyonga kabla ya kwenda kuunda bendi ya Simba Wanyika kule Kenya, na kwamba wazee hao hawakulialia. Nawaheshimu. Lakini magitaa tunayoyasikia kwenye nyimbo zao ni ya umeme, na gitaa la umeme kwa kawaida nyuzi zake ni nyembamba na ziko karibu na shingo, kwa sababu sauti inakuzwa na spika. Kumpa mwanafunzi gitaa kavu lenye nyuzi za 13 zilizoinuliwa kama kamba za kuanikia nguo, kisha kumtajia majina hayo, ni kuwasingizia marehemu. Na kama ni mifano ya uvumilivu tunatafuta, Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikatwa na mashine ncha za vidole viwili akiwa kiwandani Uingereza mwaka 1965, kijana wa miaka 17, vidole vyenyewe vya mkono wa kubonyeza nyuzi. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki na ngozi, akafunga nyuzi nyepesi zaidi, hata za banjo. Yaani yeye ambaye kidole kilikuwa kimekatika kweli alianza na kukirekebisha chombo.

Nilirudi dukani na karatasi ya vipimo. Muuzaji aliisoma, akasema mbona wengine hawajalalamika. Nikamuuliza wangapi kati ya hao wengine bado wanapiga. Akageuka kumhudumia mteja wa spika.

Basi madai yangu kwake, maana najua anapita hapa: nirudishie hizo 15,000, na magitaa yaliyobaki ukutani yashushwe, yafungwe nyuzi mpya na kupimwa kabla hujamwita mtu mwingine dada yangu. Kwa mwalimu sidai fedha. Nadai tu kwamba mwanafunzi ajaye akikuonyesha lengelenge, ulichukue gitaa lake ulipige wewe mwenyewe somo zima, na umpe lako.

Na kwenu wengine nina ombi. Seti ya 10 niliyofungiwa niliagiza kwa basi kutoka Dar es Salaam, nikailipia nauli kama abiria. Nikiipanguza kwa kitambaa kikavu kila nikimaliza huenda ikakaa miezi kadhaa kabla kutu haijaanza. Mwenye kujua duka la hapa mjini linaloweka nyuzi nyembamba, zikiwa ndani ya pakiti zilizofungwa, aandike hapa chini na ataje na bei.