Naomba ushauri: kaka yangu anamuunga mkono mgombea urais ninayempinga

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine nawasalimu.

Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea na kunisomesha baada ya baba yetu kufariki, ameamua kumuunga mkono mgombea urais ninayempinga kwa dhati, na jambo hilo linaniumiza kuliko nilivyotarajia. Kinachonikera si chama chake, bali ni kwamba mtu aliyenifundisha kuuliza maswali sasa hataki kuulizwa. Nikimweleza kwamba mgombea huyo anaahidi kupunguza kodi na papo hapo kuongeza matumizi ya serikali, bila kusema fedha zitatoka wapi, hunijibu kwamba mimi bado mtoto, na mazungumzo hukomea hapo. Juzi nilimpandishia sauti mbele ya wanawe. Nilimwomba radhi usiku uleule, lakini tangu hapo salamu zetu zimekuwa za mkato.

Nafahamu kwamba Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 21, linataka uchaguzi uendeshwe kwa kura ya siri au kwa utaratibu mwingine unaolinda uhuru wa mpiga kura. Kwa hiyo sikusudii kumlazimisha. Hata hivyo, rais atakayechaguliwa atatuongoza sote, na kunyamaza kunaniwia vigumu.

Je, nimwandikie barua yenye hoja zangu kwa upole, au niache kabisa siasa hadi uchaguzi upite? Mliowahi kutofautiana hivi na mtu mnayemheshimu, tafadhali nielezeni mlianzaje kuzungumza tena.