LaTeX iingie yenyewe na pakeji au tumwachie mtumiaji? Tulinganishe

kalamu_ya_bati
Habari wakuu. Nina kiprogramu cha terminali kinasoma data za vipimo vya maabara kinatoa ripoti, ni Python, nakitoa kama .deb (pakeji ya Debian na Ubuntu) na pia kupitia pip (kiinstoli cha Python). Ripoti ya HTML haina neno, kasheshe iko kwenye PDF maana inapitia LaTeX, mfumo wa kupanga kurasa za hati. Mtu anainstoli, anaomba PDF, anaambiwa pdflatex (injini ya LaTeX) haipo, basi anakuja kulalamika kwamba programu mbovu. Nikafikiria niweke texlive-full (mkusanyiko wote wa LaTeX) kwenye Depends (orodha ya pakeji za lazima) ijivute yenyewe yaishe, mwenzangu kwenye mradi kagoma kabisa. Njia ninazoziona ni hiyo, au Recommends (pakeji zinazopendekezwa), au nibebe TinyTeX (LaTeX ndogo) humo humo, au Tectonic (injini nyingine ya LaTeX), au nihamie Typst (mbadala wa LaTeX) jumla. Aliyewahi kupita huku anipe mwanga.

Mtunza_Sava
Mwenzako yuko sahihi kabisa. texlive-full ikishakaa kwenye diski ni zaidi ya giga 5, chako chenyewe kina mega ngapi? Mimi ningekiweka kwenye kontena kitoe HTML basi, sasa imeji nzima ya kontena ivimbe kwa kitu ambacho sitakigusa? Depends maana yake bila hiki programu haiendi, na yako inaenda vizuri tu bila PDF.

nukta_mkato
Naunga mkono hapo juu ila usiruke moja kwa moja kumwachia mtumiaji kila kitu. Kwenye Debian na Ubuntu apt inainstoli Recommends bila kuulizwa, ndiyo tabia yake ya kawaida miaka mingi sasa, kwa hiyo mtu wa kawaida atapata PDF bila kujua kilichotokea nyuma, na mwenye sava kama mkuu hapo anaandika --no-install-recommends anaendelea na maisha yake. Pande zote mbili zimepona.

Lakini texlive-full ifute kichwani. Fungua templeti yako uangalie inaita nini hasa. Kama unatumia siunitx kwa vizio vya vipimo (na kwa data za maabara lazima utakuwa unatumia) hiyo iko texlive-science, fonti za Latin Modern ziko kwenye pakeji ya lmodern, xelatex (injini nyingine) iko texlive-xetex. Orodha ya pakeji nne tano inatosha. Watu wa Fedora wameliweka hili vizuri zaidi, kule unaandika tu tex(siunitx.sty) kwenye faili la spec (maelezo ya pakeji), mfumo wenyewe unajua pakeji gani inalo, huhitaji kukariri nani kahamishiwa wapi.

bitimoja
Hapo kwenye "pande zote zimepona" mimi nabisha. Hata hizo nne tano zikivutana na ndugu zake ni mamia ya mega, na mwenye mtandao wa kusuasua hajui kwamba angeweza kukataa, yeye anaona tu kiprogramu kidogo kinadaunilodi mpaka kesho. Tazama wakubwa wamefanyaje. Pandoc (kigeuzi cha mafomati ya hati) kwenye Debian imeiweka LaTeX kwenye Suggests tu, yaani hiari ambayo apt haiivuti yenyewe, na ukiomba PDF bila injini inakwambia wazi pdflatex haijapatikana, chagua --pdf-engine nyingine au uinstoli. Matplotlib ya kuchora grafu nayo ina mathtext yake ya ndani ya kuchora hesabu, ile LaTeX kamili inaitwa pale tu ukiwasha usetex. Hizo ni programu zinatumiwa na watu wengi kuliko zetu zote humu na hazijamlazimisha mtu.

kalamu_ya_bati
Nimeelewa bitimoja ila Pandoc wanaitumia watu wanaojua terminali, wangu ni watu wa maabara, ukimwambia "chagua injini" anafunga dirisha. Na hizi habari za Recommends zinasaidia .deb tu, wa pip nawafanyaje? Nilitaka niweke skripti baada ya kuinstoli iite apt yenyewe ivute texlive.

nukta_mkato
Hiyo skripti itagoma mkuu. Wakati pakeji yako inaseti, dpkg (inayoinstoli .deb chini ya apt) imeshika kufuli lake, ukiita apt humo ndani inakuta mlango umefungwa. Na pip inajua pakeji za Python tu, hata ukitengeneza ile chaguo ya nyongeza ya [pdf] ukaweka kila kitu, TeX Live (mkusanyiko wenyewe wa LaTeX) haipatikani kwa njia hiyo.

fundi_fonti
Nimechelewa ila nimetumia hizo za kubeba zote mbili kazini, ngoja niseme.

TinyTeX ni nzuri kwa mtu mmoja kwenye kompyuta yake, inakaa kwenye folda ya nyumbani haihitaji ruhusa za mkuu wa mfumo, kikikosekana kitu tlmgr (meneja wa pakeji wa TeX Live) inakivuta. Kero iko kwenye mwaka. TeX Live inatoka upya kila mwaka, ukibeba ya mwaka jana ndani ya programu yako, siku toleo jipya likitoka tlmgr inakataa, inasema ya kwako ni ya zamani kuliko iliyoko kwenye hazina. Kuna hazina za kihistoria unaweza kuielekeza huko, lakini sasa hiyo ni kazi yako wewe mwenye mradi, kila mwaka, milele. Ukishaibeba wewe ndiye msambazaji wa TeX, ujue hilo kabla hujasaini.

Tectonic ni faili moja tu, ndani yake XeTeX, inadaunilodi kile templeti inachohitaji na kukihifadhi. Kwa templeti isiyobadilika kama yako inapendeza sana kwa kweli. Ila mara ya kwanza lazima mtandao uwepo, na maabara nyingine kompyuta zake hazijaunganishwa na kitu chochote kwa makusudi. Halafu kama ripoti zina marejeo ya biblatex, biber (programu inayoyachakata) haimo, unaileta mwenyewe na toleo lake lazima lipatane na la ndani, hapo nililia.

bitimoja
Ndiyo maana nasema Typst. Ilitoka wazi 2023, binari moja, fonti za kuanzia ziko ndani yake, haihitaji mtandao kama hutumii pakeji za nje, na ipo PyPI (hazina ambako pip inavuta), kwa hiyo swali lako la pip linajijibu, unaiweka kama dipendensi ya kawaida tu. Quarto (programu ya kutoa ripoti) tangu 1.4 wanaibeba ndani kabisa. LaTeX hawaibebi, wanakupa komandi ya kuinstoli TinyTeX ukitaka. Ona wenyewe wanavyopima uzito.

Mtunza_Sava
Typst haisomi templeti za LaTeX lakini, ataandika upya yote, na lugha bado inabadilika badilika toleo hadi toleo.

Nje ya mada kidogo: majina ya sampuli yanatoka kwa watumiaji? Ukiyamwaga ndani ya LaTeX bila kuyasafisha mtu anaandika \input akasoma mafaili yasiyomhusu. Na shell-escape (ruhusa ya LaTeX kuendesha komandi za mfumo) usiiwashe, hata kama jibu la mtandaoni limekwambia washa.

kalamu_ya_bati
Majina yanatoka kwa watumiaji ndiyo, nitalitazama leo hii.

Templeti yenyewe ni kurasa mbili na jedwali, kuandika upya haitaniua. Basi wa pip nawapa Typst ndani ya [pdf], kwenye .deb LaTeX ibaki Recommends na zile pakeji chache mpaka Typst ikikomaa upande wangu. texlive-full nimeitoa.

nukta_mkato
Poa, ila ukaguzi wa injini uweke mwanzoni kabla hujaanza kuchakata data. Hakuna kitu kinaudhi kama kusubiri hesabu nzima iishe ndiyo uambiwe PDF haiwezekani. Na ikikosekana toa HTML hivyo hivyo, usimwachie mikono mitupu.

fundi_fonti
Na ujumbe wa kosa uandike komandi kamili ya kunakili, ya apt na ya dnf (ya Fedora), siyo "tafadhali instoli LaTeX". Mtu wa maabara akiambiwa hivyo ataenda kuinstoli texlive-full.